Sanamu ya Mwananchi wa Utulivuni

Haya yalimpata mchongaji Sikudhani Mberwa, mzaliwa wa Korogwe, katika nchi ya Utulivuni. Nchi hiyo haikuchorwa kwenye ramani yoyote ya shule, ingawa wengi wetu tumewahi kupita mpakani mwake bila kujua.

Bi Sikudhani alikuwa na miaka hamsini na minane, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo aliitumia kuchonga sanamu za hadharani. Ndiye aliyejenga nyati wa saruji kwenye kituo cha mabasi cha mji wa kwao, nyati ambaye mgongo wake umelainika kwa kuegemewa. Ndiye pia aliyejenga mwanamke anayesuka ukili nje ya hospitali. Mkeka wa mwanamke huyo, nao wa saruji, umetandazwa hadi getini, na wanaosubiri wagonjwa huuketia. Akiulizwa kwa nini hachongi vinyago vya kuuza, hujibu kwamba kinyago kikishanunuliwa huenda kuishi na mtu mmoja, naye hapendi kazi yake iwe mke wa mtu.

Jambo moja tu lilimkereketa: saruji haidumu. Hupasuka, nondo zikashika kutu, na baada ya miaka kumi na mitano mwanamke mzuri anaonekana kama mwenye ndui. Bi Sikudhani alitamani kabla hajafa amimine walau kazi moja ya shaba nyeusi, madini ambayo mvua ya karne mbili huishia kuyabadilisha rangi tu. Kwa hiyo barua ya serikali ya Utulivuni ilipomfikia, ikimwomba akachonge sanamu ya uwanja mkuu na kumwahidi tani tatu za shaba nyeusi, hakuisoma mara mbili. Alifunga tindo zake kwenye kanga kuukuu, akaenda.

Alipokelewa na Katibu Mchakato, mtu mrefu, mpole, mwenye faili kwapani. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Utulivuni kiongozi akiapishwa huacha jina la nyumbani, akaitwa kwa neno analolitumia kuliko yote. Katibu alikuwa Mchakato, na bosi wake, Waziri wa Sanamu, aliitwa Mheshimiwa Kimsingi.

Kitu cha kwanza alichokiona mgeni mjini humo ni kwamba sanamu zilikuwa nyingi kuliko miti, na kila moja ilikuwa na mwavuli mkubwa wa turubai juu yake, wakati watu walitembea kando ya barabara jua likiwachoma utosini.

"Hawa ni mashujaa wenu?" aliuliza.

"Ni watumishi wa umma," alijibu Katibu. "Kila mwenye cheo ana sanamu yake. Ndiyo inayofanya kazi."

Bi Sikudhani alidhani ni maneno ya heshima. Alipopelekwa ofisini kwa Waziri kujitambulisha ndipo alipoona kwamba yalikuwa maelezo tu. Kwenye kiti cha ngozi, nyuma ya meza, aliketi Mheshimiwa Kimsingi wa jiwe, mashavu yamejaa, mkono mmoja umeshika kalamu ya jiwe. Foleni ya wananchi ilianzia mlangoni. Mzee mmoja alisimama mbele ya meza akaeleza kwamba daraja la kijijini kwao lilisombwa, na wanawe huogelea kwenda shule. Sanamu ikamsikiliza bila kumkatiza. Karani akaandika tarehe. Mzee akashukuru, akatoka.

"Sasa nini kitafuata?" mgeni alinong'ona.

"Sheria ya Sanamu iko wazi, Bi Mberwa. Sanamu ni lazima isikilize, na sanamu zetu husikiliza vizuri sana. Likifikishwa jambo mbele yake, na siku tisini zikapita bila sanamu kulikataa, jambo hilo limekwisha kushughulikiwa."

"Na daraja?"

"Limekwisha kushughulikiwa," Katibu alirudia kwa upole, kama mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito. "Mwaka jana tulishughulikia mambo elfu sitini na mbili. Hakuna nchi nyingine iliyofikia hapo."

"Mheshimiwa mwenyewe yuko wapi?"

"Semina. Mwaka wa sita sasa."

Sheria hiyo ilikuwa na vifungu vingine, na Katibu alimsomea vyote ili asije akakosea. Sanamu haiguswi. Sanamu haikatizwi maneno. Sanamu haihamishwi ila kwenda kikaoni, na haiachwi juani. Neno la sanamu halipingwi ila na sanamu nyingine. Bi Sikudhani, ambaye kwao alikuwa amezoea kukuta nyati wake amebandikwa matangazo ya mganga wa nguvu za kiume, aliona kwamba baadhi ya vifungu hivyo havikuwa vibaya.

Kazi aliyoitiwa ilikuwa sanamu ya Mwananchi. Wenye vyeo wote walikuwa wamekwisha kuchongwa, Katibu alieleza, na ilionekana si haki kwamba mwananchi peke yake hana sanamu. Angesimamishwa katikati ya uwanja mkuu, pale wanapouza wachuuzi. Bi Sikudhani alipewa banda kando ya uwanja huo, pipa la udongo wa mfinyanzi, na meza. Shaba ilirundikwa nyuma ya banda. Siku ya kwanza hakufanya kazi. Alikaa juu ya vipande vya shaba akavipapasa.

Hapo uwanjani alikuwapo mwanamke aitwaye Bi Mastura, muuza mihogo ya kuchemsha. Alikuwa mnene wa mikono, mwembamba wa uso, na alikuwa na namna ya kusimama nyuma ya sufuria yake ambayo mchongaji hakuweza kuacha kuitazama: uzito wote mguu wa kushoto, kidevu juu kidogo, kama mtu anayemngoja mteja anayesita, bila nia ya kumbembeleza. Bi Sikudhani alinunua mihogo ya asubuhi na ya mchana, akarudi bandani akaikanda sura ile kwenye udongo. Baada ya wiki tatu alikuwa na kielelezo cha urefu wa mkono. Alikizunguka mara nyingi. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini alijua kwamba hajawahi kufanya uso mzuri kuliko ule, na kwamba uso ule ulistahili shaba.

Kamati ya Sanamu ilikutana kukikagua. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Kimsingi wa jiwe, aliyeletwa na watu sita walioshika kiti chake tu, bila kuligusa jiwe. Mjumbe mmoja akauliza kuhusu shingo.

"Shingo hii ni nyembamba. Inasema nini?"

"Haisemi kitu," alijibu Bi Sikudhani. "Ni shingo."

"Inasema njaa," alisema mjumbe.

Iliamuliwa inenepeshwe. Kikao cha pili kikaona kwamba sasa Mwananchi amenenepa mno na anaweza kudhaniwa kiongozi. Kikao cha tatu kilitumia asubuhi nzima kwenye miguu: akiwa peku, wageni watasema nchi ni maskini, akivaa viatu, wananchi watauliza vilipatikana wapi. Kikao cha nne kilihusu macho. Yakitazama juu, anaomba. Yakitazama chini, ameonewa. Yakitazama mbele, alisema mjumbe mmoja kwa sauti iliyoshuka, yatakutana na sanamu nyingine ya Mheshimiwa, ile iliyo upande wa pili wa uwanja, na haijulikani nani atapepesa kwanza. Kila mara Katibu Mchakato aligeuka kwa Mwenyekiti wa jiwe, akangoja, akaandika kwamba Mwenyekiti ameafiki.

Bi Sikudhani alipigania kila unywele wa sanamu yake. Alileta picha, akapiga meza, akaeleza kwamba mwili wa mtu si hotuba. Usiku hakulala vizuri. Baada ya kikao cha tano alinunua mihogo akaila amesimama, huku akimlalamikia Bi Mastura.

Bi Mastura alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kachumbari zaidi.

"Dada, wewe ni mgeni, labda hawajakwambia," alisema. "Unajua kwa nini wanamtaka huyo Mwananchi wako?"

"Kwa sababu kila mtu ana sanamu isipokuwa ninyi."

"Kuna sheria ya zamani, ya kabla ya hizi sanamu. Serikali haiwezi kutuhamisha hapa uwanjani bila kutuuliza. Wametuuliza mara nne, tukakataa mara nne. Wanataka kutupeleka Bondeni, ambako masika maji yanafika kiunoni. Sasa watamuuliza huyo wa shaba. Hatasema kitu. Kwa sheria yao amekubali."

Mchongaji aliacha kutafuna. Alikwenda moja kwa moja kwa Katibu na kumuuliza kama ni kweli. Alitarajia akane. Katibu hakukana.

"Ni mchakato shirikishi," alisema, na uso wake uling'aa kwa nia njema. "Kuuliza watu elfu kumi huchukua muda, Bi Mberwa, na hawakubaliani. Kumuuliza mmoja ni rahisi, na huyu tutakuwa tunamuuliza kila kitu. Umetusaidia kuliko unavyojua."

Bi Sikudhani alirudi bandani akafunga mlango. Kwenye meza alisimama mwanamke wa udongo, shingo yake imeharibiwa na wajumbe lakini uso bado mzima. Nyuma ya banda kulikuwa na tani tatu za shaba. Alijua kwamba akifunga virago tu akaondoka, wataita mchongaji mwingine, na yupo mmoja aliyemfahamu kwa jina ambaye angekuja mbio. Alijua pia, na hili ndilo lililomuuma, kwamba sehemu yake moja ilikuwa tayari kutafuta sababu ya kumimina. Kazi nzuri ni kazi nzuri, sehemu hiyo ilisema. Soko huhama, shaba hubaki. Aliisikiliza kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye.

Kisha alikibeba kile kielelezo kwa mikono miwili, akakizamisha katika pipa la maji. Udongo mbichi hauchukui muda kuyeyuka. Alikaa hapo akikivunjavunja kwa vidole hadi pua ikawa tope, akalifunika pipa kwa gunia.

Tangu kikao cha sita Kamati ilimwona mchongaji mwingine kabisa, mnyenyekevu na mwenye kukubali. Alileta mwili mpya wa udongo usio na uso, na ndiye sasa aliyekuwa wa kwanza kuona kasoro.

"Waheshimiwa, nina wasiwasi na mikono," alisema. "Ikifunguliwa, je, haitaonekana anaomba? Na ikifungwa, si itakuwa ngumi?"

Wajumbe walimshukuru kwa uangalifu wake. Mikono ikaondolewa. Katika kikao cha saba aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, kama Mwananchi atakuwa mwanamume au mwanamke, na wa upande gani wa nchi. Wajumbe walibishana mpaka adhuhuri, kisha wakaondoa kiwiliwili. Kichwa kilifuata katika kikao cha nane, kwa kuwa, kama kumbukumbu za kikao zinavyoonyesha, kichwa huleta mjadala. Zikabaki nyayo mbili. Kamati ilizipenda nyayo hizo, na ingeziacha, lakini Bi Sikudhani akauliza vidole vitaelekea wapi: sokoni au ofisini. Nyayo zikaondoka.

Kilichobaki ni kiweko, ile nguzo ya mawe ambayo sanamu husimama juu yake. Katibu Mchakato aliutazama mchoro wa kiweko hicho. Hakikumuudhi mtu yeyote. Hakikuwa na kabila wala njaa.

"Hizi ngazi tatu za nini?" aliuliza.

"Za usafi, Katibu. Lazima mtu apande kufuta vumbi."

"Vizuri. Umefikiria kila kitu." Akagonga muhuri: IMEIDHINISHWA. Shaba ilirudishwa ghalani. Bi Sikudhani aliitazama ikipakiwa, kipande baada ya kipande, kisha akachukua tindo na kuanza kuchonga jiwe.

Siku ya kufunua ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mheshimiwa Kimsingi alirudi kutoka semina, na walinzi wa uwanja walimzuia, kwa kuwa alikuwa mzee na mashavu yake yalikuwa yameanguka, wala hakufanana hata kidogo na jiwe walilozoea kulipigia saluti. Ilibidi Katibu amdhamini. Kiweko kilikuwa kimefunikwa kwa kitambaa kirefu. Chini ya kitambaa, tangu alfajiri, alikuwapo Bi Mastura.

"Nisimame vipi?" alikuwa amemuuliza mchongaji.

"Usisimame vyovyote. Simama kama unavyouza mihogo."

Mheshimiwa alivuta kamba. Kitambaa kikaanguka. Watu waliokusanyika walitazama, wakatazamana. Waziri hakushangaa, kwani hakuwahi kukiona kielelezo, na baada ya miaka sita hakukumbuka sana mwananchi anafananaje. Alifungua karatasi akasoma.

"Mwananchi, serikali yako inakuuliza: unakubali soko la uwanja huu lihamishiwe Bondeni?"

Kwa sheria, sanamu ikiulizwa swali hadharani, jibu hungojwa kwa hesabu ya kumi. Karani alianza kuhesabu kwa sauti. Alipofika sita, Mwananchi akasema:

"Sikubali. Mihogo yangu naichemsha kwenye sufuria, siichemshi kwenye mafuriko."

Karani akasahau saba. Waziri akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Kimsingi," alisema polepole, "hii ni sanamu?"

Katibu Mchakato alikuwa tayari anapekua sheria. Akasoma kwamba sanamu ni kitu chochote kilicho juu ya kiweko kilichoidhinishwa na kufunuliwa na Waziri mwenyewe mbele ya umma. Akatazama muhuri. Ulikuwa wake.

"Ikiwa si sanamu," alisema kwa sauti ya chini, "basi Mheshimiwa amefunua kitu kisichokuwapo."

Jambo hilo lilionekana kwa wote kuwa baya zaidi. Mlinzi mmoja alisogea kumshusha Bi Mastura, lakini wenzake wakamshika bega: sanamu haiguswi. Mjumbe mmoja alianza kumjibu, akakumbushwa kwamba sanamu haikatizwi. Kisha mtu akagundua kwamba sanamu imeachwa juani, na kwa kuwa hapakuwa na mwavuli mwingine karibu, ule wa Waziri ukachukuliwa mikononi mwa aliyeushika ukapandishwa juu. Mheshimiwa alibaki amekunja uso kwenye jua.

Ilibaki njia moja. Neno la sanamu hupingwa na sanamu nyingine, kwa hiyo wote waligeuka wakamtazama Mheshimiwa Kimsingi wa jiwe, aliye ng'ambo ya uwanja. Hakusema kitu. Walimngoja siku tisini kamili, kwa mujibu wa sheria, na katika muda wote huo hakukataa. Siku ya tisini na moja Katibu aliandika kwamba soko litabaki, na kwamba Waziri ameafiki.

Lakini watu hawakungoja siku hizo zipite. Bi Mastura alishuka mchana wa ile ile Jumamosi kwa sababu mihogo ilikuwa inaungua, na kabla kiweko hakijapoa alikwisha kupanda yule mzee wa daraja. Alisema habari za daraja chini ya mwavuli, na safari hii karani aliandika zaidi ya tarehe. Jumatatu foleni ilizunguka uwanja. Jumatano, Katibu Mchakato alionekana katika foleni hiyo, faili kwapani, nyuma ya muuza mkaa. Zamu yake ilipofika alipanda, akafungua kinywa, na lile neno lake likamtoka mara tatu. Watu walimngoja. Hatimaye alisema kwamba binti yake ameolewa mbali, na kwamba alipokuja kumuaga alimkuta babake ana kikao, akaiaga sanamu ya babake. Akashuka bila kumtazama mtu.

Siku aliyokuwa ameipanga kuondoka, Bi Sikudhani naye alipanga foleni, kwa kuwa hakuna aliyekubali kumpitisha mbele hata alipoeleza kwamba kiweko amekichonga yeye. Alipofika juu alishtuka. Miaka yote hiyo alikuwa ameweka wengine mahali pa juu, na hakuwahi kujua kwamba ukiwa hapo unaona vichwa vya watu, vipara vyao na mitandio iliyofifia, na kwamba wote wanakungoja. Alikuwa ametayarisha maneno kuhusu sanaa. Yalimtoka akilini.

"Nimechoka," alisema. "Magoti yananiuma. Nilikuwa na uso mmoja mzuri sana, nikauvunja kwa mikono yangu, na sijui kama nitaupata tena. Ile shaba niliitaka. Bado naitaka."

Mmoja wa waliokuwa chini akasema, "Pole, mama," na wengine wakafuata, kila mmoja kwa wakati wake, mpaka nyuma kabisa ya foleni ambako hawakuwa wamesikia alichosema.

"Asante," alisema Bi Sikudhani.

"Umemaliza?" aliuliza mwanamke aliyefuata, mwenye kikapu cha dagaa. "Basi shuka taratibu, hiyo ngazi ya pili inateleza."

Mchongaji alishuka, akageuka akaipapasa ngazi. Ilikuwa kweli. Aliing'arisha kupita kiasi, na kwa nyayo za watu wale wote ilikuwa imekuwa kioo. Alifungua kanga yake, akatoa tindo na nyundo, akapiga magoti yale yale mabovu, akaanza kuiparuza ngazi vialama vidogo vidogo ili ishike mguu. Foleni haikukubali kusimama kwa ajili hiyo. Akaendelea kugonga hadi alasiri, huku wenye mambo yao wakimruka mmoja mmoja, wakipanda na kushuka, kila mmoja akisema samahani.